Maji ya Tanga, Samaki wa Ngombezi

Mpwa wangu anafundisha sayansi katika shule moja ya Ngombezi, Korogwe, na mwaka huu amejitwika kazi ambayo wengi wangeikwepa: anataka kuweka tangi la samaki wa baharini darasani kwake. Wanafunzi wake wanaijua mito, wanamjua perege na kambale, lakini walio wengi hawajawahi kukanyaga ufukwe, ijapokuwa anayepanda basi la alfajiri Korogwe anaingia Tanga kabla jua halijawa kali. Tangi amelipata kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Ni la kioo, la lita 60, halina ufa. Kilichomkwamisha ni skima. Muuzaji wa vifaa amemwambia kwamba tangi la maji chumvi lisilo na skima ni kaburi la samaki, na skima yenyewe inakaribia bei ya vitu vyote alivyokwisha kununua, taa, pampu na mchanga vikiwemo.

"Shikamoo mjomba," aliniambia kwenye simu. "Wewe umemalizia ujana wako kwenye mambo haya. Ninunue, au niache?"

Nilimwitikia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamwahidi kwamba nitamjibu kwa kirefu. Ndiyo au hapana ya kwenye simu isingemsaidia, kwa sababu kesho muuzaji mwingine atamjia na kifaa kingine na hoja ileile. Nilitaka ajue maji yanachafukaje na yanasafikaje, ili siku nyingine ajiamulie mwenyewe.

Tuanze na chombo chenyewe. Skima ni mrija mpana wa plastiki wa kuengua povu, unaosimama ndani ya tangi au ubavuni mwake. Maji ya tangi huingizwa humo, na hewa hupulizwa kutoka chini ili itoke kwa viputo vidogo sana, vingi kiasi cha kuyafanya maji yaonekane meupe. Katika maji ya chumvi viputo haviungani upesi kuwa vikubwa kama vinavyofanya katika maji baridi, ndiyo maana chombo hiki kinawafaa samaki wa bahari na kwa perege hakina kazi ya maana. Chakula kilichobaki, kinyesi na ute wa samaki vikiyeyuka huacha protini na mafuta ndani ya maji. Molekuli nyingi za aina hiyo zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na kiputo hujibandika kwenye ngozi yake, ule upande unaokimbia maji ukielekea hewani. Viputo vinapanda, vinashikana kuwa povu, povu linapanda shingoni mwa mrija na kumwagikia kwenye kikombe. Kinachojaa kwenye kikombe hicho ni maji mazito ya kahawia yenye uvundo unaobaki mkononi hata baada ya sabuni. Aliyewahi kukimwaga mara moja hahitaji kushawishiwa kwamba kuna kitu kimetoka.

Kilichotoka ni sehemu gani ya uchafu wote, na kipi kimebaki? Hilo nilianza kuliona utotoni, mbali na bahari.

Nimezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge ya Ngombezi. Baba alikuwa mkata mkonge, baadaye akahamishiwa korona, yaani mtambo wa kuchakata majani. Mkonge uliletwa pwani yetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika ikiwa hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62, bonde letu likaja kujaa mistari ya mkonge hadi macho yanachoka kuifuata. Kila aliyekulia huko anajua kwamba jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama laini. Nyuzi zenyewe ni kama asilimia 4 ya uzito wake. Korona inaliponda na kulikwangua jani huku maji mengi yakimiminwa, nyuzi zinatoka upande mmoja kwenda kuanikwa, na hayo mengine yote yanaondoka na mfereji.

Mfereji wetu ulikuwa na mahali maji yanapoporomoka kutoka kwenye kingo ya saruji, na hapo povu halikukosekana siku ya kazi. Lilijaa, likawa zito, kijani iliyochanganyika na kahawia, likatambaa hadi kwenye nyasi na kukaukia humo, likiacha utando mgumu tuliokuwa tukiubandua kwa kucha. Jani la mkonge lina saponini, dutu inayotoa povu kama la sabuni. Maji yakianguka yanavuta hewa, hewa inabeba kile kinachokubali kubebwa, nacho kinakusanyika juu. Ile kingo ya saruji ilikuwa skima, ingawa hakuna aliyeijenga kwa nia hiyo. Mzee mmoja aliyepewa kazi ya kusafisha mfereji alikuwa analichota lile povu kwa koleo na kulirundika kando, asubuhi hadi jioni, na rundo lake lilikuwa kubwa kweli.

Lakini hatua chache tu chini ya maporomoko yale maji yalikuwa bado ya kijani, bado yananuka, na perege hawakukaa humo. Povu lilikuwa limechukua fungu lake, na lililobaki lilikuwa limeyeyuka likienda zake mtoni. Korona iliposimama kwa matengenezo ndipo mfereji ulipotakata, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, bila koleo la mtu yeyote. Miaka mingi baadaye, Hale, jirani zetu wa chini ya mto, walijengewa mtambo wa kugeuza taka hizohizo za mkonge kuwa gesi na umeme. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kuliko watu walionizunguka walivyoweza kuelewa, kwa sababu huko ndiko kunakotakiwa kuanzia: taka zikamatwe kabla hazijayeyuka kwenye maji.

Nilipomaliza shule nilivuka Horohoro nikaenda kutafuta kazi pwani ya kusini ya Kenya. Huko kuna biashara ya siku nyingi ya samaki wa mapambo wa kupelekwa ng'ambo. Wapiga mbizi wanaingia miambani na vyandarua vidogo vya mkono na kurudi na vipepeo, vitatange, kangaja wachanga, na vile visamaki vya rangi ya chungwa vyenye mistari myeupe vinavyolala ndani ya anemoni. Niliajiriwa kwenye ghala la kuwatunza kabla ya safari. Lilikuwa na safu za matangi madogo, mengine madogo kuliko la mpwa wangu, na halikuwa na skima hata moja. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka baharini, yakapita kwenye matangi, yakarudi baharini. Samaki waling'aa.

Jambo la pili nililojifunza pale lilihusu tumbo la samaki. Kabla ya kufungwa kwenye mifuko, theluthi moja maji na zilizobaki oksijeni, samaki hawakulishwa kwa siku moja au mbili. Samaki aliyeshiba akiwekwa kwenye lita mbili za maji atajitia sumu kwa kinyesi na amonia yake mwenyewe kabla ndege haijatua. Aliyefunga anafika Ulaya akiwa mzima. Tangu hapo kila nikitazama tangi la mtu, cha kwanza ninachokiangalia ni kopo la chakula limewekwa wapi na linaisha baada ya muda gani.

Ghala lile pia lilinionyesha upande wa pili. Pampu ya baharini iliharibika wakati matangi yamejaa shehena. Tukalazimika kuyazungusha maji yaleyale. Baada ya siku chache uso wa maji ulishika utando wa mafuta, samaki wakaanza kupumua harakaharaka karibu na uso, na wengine wakaacha kula. Fundi mmoja akaunga bomba la plastiki, akaweka chini yake vipande vya mti laini wa kupitisha hewa, akatengeneza skima ya kienyeji inayofika kifuani mwa mtu. Usiku ule ilitoa ndoo ya uchafu mweusi. Asubuhi samaki walikuwa wameshuka tena chini na pumzi zimetulia. Sitaki mtu aseme mbele yangu kwamba skima ni urembo. Palipo na samaki wengi katika maji machache, na maji mapya hayapatikani, inaokoa roho. Hata hivyo hamu ya kula ilirudi pampu ilipotengenezwa na bahari ikaingia tena.

Kutoka pale nilikwenda Maskati kufanya kazi katika duka la samaki. Mwenye duka alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, familia yake ikahamia Oman baada ya 1964, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Aliniita mwanangu toka siku ya kwanza, nami nikamwita mzee, na tukakaa hivyo hadi nilipoondoka. Duka lake liliuza samaki kwa watu wenye nyumba kubwa, na mwanzoni tuliyachota maji baharini kwa gari lenye tangi.

Kisha ikaja ile bahari nyekundu ya 2008. Kuanzia Agosti mwaka huo hadi katikati ya 2009 maji ya Ghuba ya Oman na ng'ambo yake yalishambuliwa na kiumbe kidogo kiitwacho Cochlodinium polykrikoides, mwani wa hadubini unaoongezeka hadi kuyageuza maji rangi. Samaki walikufa kwa wingi ufukweni, na mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilifungwa kwa vipindi. Kwetu sisi maana yake ilikuwa moja: bahari ilikuwa palepale mbele ya macho yetu na hakuna aliyethubutu kuchota hata kikombe. Tulinunua chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, ya kopo, tukaipima gramu 35 kwa kila lita ya maji yaliyoondolewa madini. Kila ndoo iliyomwagwa ilikuwa pesa. Hapo ndipo skima zilipoingia katika kila tangi la duka, na hapo ndipo nilipozijua tabia zake.

Skima ina tabia nyingi. Shingo yake ikishika utando, povu linakataa kupanda, kwa hiyo unaifuta mara kadhaa kwa wiki. Kijana mwenzangu alikula samaki wa kukaanga akatia mkono kwenye tangi bila kunawa. Povu likaanguka palepale, na kikombe kikabaki kitupu hadi jioni, kwani mafuta yanavunja viputo. Umeme ukikatika, maji yaliyosimama ndani ya mrija yanashuka, na ukirudi ghafla chombo kinaweza kufurika na kumwaga uvundo wote sakafuni, au kuurudisha kwenye tangi. Zile ndogo kabisa, zilizotengenezwa kwa ajili ya matangi ya mezani, ndizo zilizonitia shaka zaidi. Mrija wake ni mfupi mno. Kiputo hakipati muda wa kukutana na uchafu kabla hakijafika juu. Tulizifungua tukakuta kikombe kina maji meupe tu. Wateja walikuwa wakilipa, wakisikia mlio, na kuamini kwamba kazi inafanyika.

Ni Maskati pia niliposoma habari za Lee Chin Eng wa Jakarta. Mwaka 1961 alieleza katika jarida la Marekani jinsi alivyokuwa akiweka samaki na matumbawe kwenye matangi bila kichujio cha aina yoyote. Alikuwa na maji ya bahari, mwanga, mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe vyake vyote, na mrija mmoja wa kupuliza hewa. Bakteria walioishi kwenye matundu ya yale mawe ndio waliokula amonia, na mwani ukala kilichobaki. Wajerumani, hasa wa Berlin, baadaye walishika mawe yaleyale lakini wakaongeza skima kubwa yenye nguvu, na njia yao ndiyo iliyoenea duniani pamoja na wauzaji wake. Nilijiuliza kwa nini njia mbili zinazotofautiana hivyo zote zilifaulu. Nadhani jawabu lipo kwenye ramani. Lee alikaa kando ya bahari ya tropiki. Watu wa Berlin wako mbali na bahari, na kila lita ya maji ya chumvi waliitengeneza kwa fedha. Ukiwa na hali ya Berlin, skima inajilipa yenyewe. Ukiwa na hali ya Jakarta, unaweza kuishi bila hiyo.

Na Ngombezi je? Ngombezi iko katikati, na hapo ndipo utamu wa swali la mpwa wangu ulipo.

Kabla sijalijibu, niseme habari ya hoteli moja ya Dar es Salaam iliyoniita niwatengenezee tangi la mapokezi niliporudi nchini. Lilikuwa tangi kubwa, na skima yake ilikuwa ghali kuliko zote nilizowahi kushika. Maji yalikuwa ya manjano. Mwani ulikuwa umefunika mawe. Wenyewe walitaka niwaagizie skima kubwa zaidi. Nilikaa kwenye kiti cha wageni mchana kutwa nikitazama, na nikaona kila mgeni mwenye mtoto akinyanyua kifuniko na kutupia samaki vipande vya mkate na biskuti. Tulifunga kifuniko kwa kufuli, tukaweka mtu mmoja wa kulisha, tukabadilisha maji mengi, na tukaweka mfuko wa mkaa ulioamilishwa, ule wa vichujio na si wa kupikia, kuondoa ile rangi. Skima ilibaki ileile, na maji yakang'aa.

Wakati huo nilikuwa nimeshasoma vipimo vya Ken Feldman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, waliovichapisha kuanzia 2009. Walipima kaboni ya viumbe iliyoyeyuka kwenye maji ya tangi, kisha wakaacha skima za aina mbalimbali zifanye kazi. Skima, za bei kubwa na za bei ndogo, ziliondoa asilimia 20 hadi 30 hivi ya uchafu ule uliopimika, halafu zikafika mwisho wake. Uliobaki haujibandiki kwenye viputo. Niliposoma hayo niliukumbuka mfereji wa korona, maji ya kijani chini ya rundo la povu. Tena amonia na naitreti hazijibandiki kabisa. Skima inazipunguza kwa njia ya kuzunguka tu, kwa kutoa uchafu kabla haujaoza. Naitreti ikishapatikana, utaitoa kwa kumwaga maji, au kwa mwani unaoila.

Sasa hesabu za mpwa. Tangi la lita 60 likishawekwa mchanga na mawe linabaki na maji lita 50 hivi. Akibadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, anahitaji lita 5, na dumu moja la lita 20 la maji ya bahari kutoka Tanga linamtosha wiki nne. Inavutia, lakini asikimbilie hapo. Uchafu unaoingia kila wiki hauondoki wote. Ukitoa moja ya kumi tu, unaendelea kujikusanya hadi ufike mara 10 ya kile kinachoingia kwa wiki, na hapo ndipo unaposimama. Akibadilisha moja ya tano, yaani lita 10, unasimama kwenye mara 5. Dumu moja wiki mbili. Na kama badala ya samaki wanne ataweka wawili, kile kinachoingia chenyewe kinashuka nusu. Hakuna skima ya mezani niliyoishika inayoweza kushindana na samaki wawili na dumu moja kila wiki mbili.

Dumu lenyewe lina masharti. Madumu mengi mitaani yalibeba mafuta ya kula, na mafuta hayaishi kwenye plastiki hata uyaoshe vipi. Anunue mapya, ayaandike kwa wino usiofutika kwamba ni ya samaki. Makonda wa mabasi hawapendi maji ya chumvi, wanasema yanakula bodi, na wana haki. Mfuniko ukazwe na dumu livikwe mfuko. Maji yachotwe wakati bahari inajaa, mbali na bandari na mbali na midomo ya Sigi na Mkulumuzi, na asichote kabisa wakati wa masika ambapo mito inalegeza chumvi na kuleta tope. Asiende kuchota Pangani mjini, maana mto unaomwagika pale ni huuhuu unaopita Korogwe, na atakuwa amesafiri kwenda kuchukua maji ya nyumbani. Kabla ya masika aweke akiba ya madumu kadhaa gizani. Maji yanayopungua kwa mvuke ayajazie kwa maji baridi, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Maji ya mvua yanafaa, yakikingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo.

Kuhusu mawe, asiguse matumbawe hai. Tumeyaharibu ya kutosha kwa baruti na chokaa. Pwani kuna mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale ya kujengea nyumba, na ndiyo yaliyojenga magofu ya Tongoni. Yamejaa matundu. Yakilala kwenye maji ya bahari wiki sita hivi, bakteria watahamia wenyewe, na hapo ndipo samaki wa kwanza aingie. Samaki nao, kabla hajatia wavu kwenye kidimbwi chochote, amwone afisa uvuvi, kwa kuwa sehemu kubwa ya pwani ile imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga iliyotangazwa 2009.

Jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni pumzi. Korogwe kuna joto. Maji yanavyopata moto ndivyo oksijeni inavyopungua, na maji ya chumvi yanabeba pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na maji baridi. Hoja moja ya kweli ya muuzaji ni kwamba skima inaingiza hewa nyingi, na hilo sikatai. Lakini umeme ukikatika usiku, skima inanyamaza sawasawa na kila kitu kingine, na samaki hana zaidi ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, kama ile wanayotumia wavuvi kuweka chambo hai ila inayojiwasha umeme ukikatika, gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya skima. Nimemwambia hiyo ndiyo ya kwanza kununuliwa, kabla hata ya taa bora zaidi.

Likizo pia nimeifikiria. Shule ikifungwa mwezi mzima, nani atabeba dumu? Hapa hoja ya skima inapata nguvu, na nimeipima kwa haki. Lakini skima inayofanya kazi kwenye darasa lililofungwa, umeme ukikatika na kurudi, ina hatari ya kufurika bila mtu wa kuifuta. Samaki wawili wanaolishwa chembe zinazotosha ncha ya kidole mara tatu kwa wiki watavuka mwezi ule vizuri zaidi. Dada yangu, mama wa mpwa wangu, anakaa hatua chache kutoka shuleni na anaweza kuwalisha. Ana mkono wazi mno katika kulisha kila kiumbe, kwa hiyo nimependekeza chakula kipimwe kabisa kwenye vifuko vidogo, kila kimoja na siku yake.

Basi nimemwambia asinunue. Pesa ile aigawe: pampu ya betri, kipima chumvi cha kuaminika, seti ya kupimia amonia na naitreti, madumu mapya, na nauli. Wanafunzi wapime maji wenyewe kila Ijumaa na kuandika ukutani, mstari wa naitreti wauone ukipanda na kusimama mahali hesabu iliposema. Mstari ukivuka miligramu 40 kwa lita huku dumu la kila wiki mbili halijakosekana, aanze kwa kupunguza chakula, kisha aongeze maji anayobadilisha. Na ikitokea siku moja wanafunzi wakamwomba tangi la lita 300 lenye samaki wengi, anipigie simu, na siku hiyo nitapanda basi mwenyewe kwenda Dar es Salaam kumchagulia skima ndefu yenye shingo pana.

"Sawa mjomba," aliniambia. "Ila konda akilikataa dumu?"

Nilimwambia amlipie dumu nauli ya nusu kiti, na alishike yeye mwenyewe mapajani hadi Korogwe.